Udongo, Chokaa na Kopo: Rangi za Ndani ya Nyumba katika Nchi ya Mara

Sisi watu wa visiwani tumelelewa na chokaa. Mtoto wa Unguja au wa Pemba akifumbua macho, aghalabu kitu anachokiona baada ya uso wa mamaye ni ukuta mweupe. Idi ikikaribia ukuta hupakwa upya, na harusi ikiwa mlangoni hupakwa tena. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiulizwa nyumba ipakwe rangi gani, jibu humtoka kabla swali halijakwisha. Mimi nami nilijibu hivyo hivyo siku nilipoulizwa huko Tarime, na nimeyaandika makala haya kwa sababu jibu langu lilikuwa la mtu aliyezoea, silo la mtu aliyetazama.

Binti yangu ameolewa Ukuryani. Yeye na mumewe walijenga nyumba ya matofali ya saruji nje kidogo ya mji wa Tarime, na nilipokwenda kuwaamkia, baada ya kuuvuka mto Mara pale kwenye daraja la Kirumi, niliikuta nyumba imekwisha pigwa plasta inangoja rangi tu. Fundi alikuwa amepaka mabaka manne kwenye ukuta wa sebule: moja jeupe, moja la rangi ya maziwa, moja la manjano hafifu na moja la kijani cha maji. Mkwe wangu, kwa heshima ya ugeni na ya mvi, akaniambia, "Baba, wewe ni mtu wa mashairi, tuchagulie." Nikasema, "Nyeupe, mwanangu. Nyeupe haina makosa." Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka kidogo, asiseme neno, akarudi nyumbani kwake ng'ambo ya kitalu cha migomba.

Kicheko kile kilinikaa moyoni. Siku ya pili nikaomba ruhusa niende nikaitazame nyumba yake, na huko ndiko nilikoanza kufahamu kuwa suala la rangi za ndani ya nyumba, ambalo mtu angedhani ni la mapambo tu, lina historia ndefu katika nchi ile, na kwamba ndani ya historia hiyo mna hoja nzito: ni nani mwenye haki ya kuchagua?

Nyumba ni ya nani

Hapana budi tuanze na neno nyumba lenyewe. Kwa Wakurya, kama ilivyo kwa majirani zao wengi wa wilaya za Tarime na Serengeti, boma la mume mwenye wake wengi halikuwa nyumba moja. Kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake ya kulima, na ng'ombe waliohesabiwa kuwa ni wa nyumba ile. Urithi ulipita humo: mtoto wa kiume alitazamia mali ya nyumba ya mama yake kabla ya kuitazama mali ya boma zima. Malcolm Ruel, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakurya katika miaka ya 1950, na Eva Tobisson, aliyechapisha kitabu chake juu ya familia za Kikurya mwaka 1986, ni miongoni mwa walioandika kwa urefu kuhusu utaratibu huo. Basi Mkurya aliposema nyumba hakukusudia kuta na paa peke yake. Alikusudia mwanamke, watoto wake na haki zao.

Nguvu ya wazo hilo inaonekana wazi katika desturi iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume, aghalabu mjane mwenye ng'ombe, aliweza kulipa mahari na kumwoa msichana. Hawakuwa mume na mke kwa maana ya kulala pamoja. Msichana alizaa na mwanamume aliyekubaliwa, na watoto wakahesabiwa kuwa wa yule mama, wakaishika nyumba yake isizimike. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui ndoa hiyo, kwani inaitaja ndoa kuwa ni muungano wa mwanamume na mwanamke. Aidha, wako waliolaumu, na kwa haki, kwamba wasichana wengine waliingizwa humo wakiwa wadogo na bila ya hiari yao. Siitaji hapa kwa kuisifu. Naitaja ili msomaji apime ni kiasi gani nyumba ilikuwa kitu cha mwanamke hata ikafaa kutolewa ng'ombe ili isife.

Tukishalijua hilo ndipo tutakapofahamu kwa nini kukandika na kupaka rangi kulikuwa kazi ya mwanamke. Wanaume walikata miti, wakasimamisha nguzo, wakafunga fito na kuezeka nyasi. Ukuta ulipokuwa mifupa mitupu walikabidhi. Kuanzia hapo udongo ulikuwa mkononi mwa mwenye nyumba, na rangi aliyoipaka ilikuwa kauli yake. Mgeni aliyeingia bomani aliweza kujua, kabla ya kuambiwa, kwamba nyumba hii mwenyewe yupo na mzima, au kwamba ile mwenyewe anaumwa, kwani ukuta wa udongo hautaki kusahauliwa. Usiposiliwa upya baada ya mvua hupasuka, na nyufa husomwa na kila apitaye.

Rangi tatu za ardhi

Mama mkwe wa binti yangu alinipokea kwa uji wa ulezi, kisha akanionyesha nyumba yake kama mtu anavyomwonyesha mgeni shamba. Ilikuwa ya udongo, yenye paa la bati. Ndani, ukuta wote ulikuwa mwekundu uliopoa, rangi iliyo baina ya tofali na machungwa yaliyokauka. Kuzunguka mlango na dirisha dogo alikuwa amepaka mkanda mweupe, na chini, kutoka sakafuni hadi kwenye goti, mkanda mweusi wenye kijivu.

Nilidhani ni urembo. Akanieleza kazi ya kila mmoja. Mweupe huwekwa pale nuru inapoingilia ili iongezeke, kwani dirisha ni dogo na nyumba ni ya giza. Mweusi huwekwa chini kwa sababu ndiko kunakogusa ufagio, maji ya kudekia, miguu ya watoto na vifaranga. Mwekundu hukaa katikati, kwani ndio udongo ulio mwingi na ushikao vizuri. Wala hakuchagua kwa kutazama jicho peke yake. Kila udongo mpya aliutia maji, akaupaka baka la upana wa kiganja nyuma ya mlango, akauacha ulale. Asubuhi aliutazama kwa mambo matatu: umekuwa rangi gani, kwani udongo mbichi ni mweusi kuliko ukikauka, umepasuka au la, na ukipanguswa kwa kiganja unatoa vumbi au hautoi. Ukipasuka huongezewa mchanga. Ukitoa vumbi huongezewa samadi mbichi ya ng'ombe, ambayo nyuzi zake huushika udongo. Kwa kijivu alichanganya majivu ya jikoni.

Ardhi ya nchi ile inamsaidia anayejua kuisoma. Vilima vya Tarime vimekaa juu ya miamba ya kale sana, ileile iliyobeba dhahabu ya Nyamongo. Miamba hiyo ikioza kwa maelfu ya miaka huacha udongo wenye kutu ya chuma, na kutu hiyo ndiyo wekundu. Chini kwenye mbuga kuna udongo mweusi wa kunata ambao kiangazi hupasuka na masika humeza magurudumu. Kwenye kingo za vijito, mahali maji yalipouosha udongo wekundu wake, huchimbwa ule mweupe. Kila mama ana machimbo yake, na njia ya kuyaendea hurithiwa.

Hapa mshairi hawezi kupita asisimame. Kiswahili chetu kina maneno matatu tu ya rangi yaliyo vivumishi halisi, yakubaliyo ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema ukuta mweupe, nyumba nyeusi, udongo mwekundu. Zilizobaki tumezikopa kutoka kwenye vitu au lugha nyingine: kijani ni jani, kijivu ni jivu, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa, samawati ni mbingu kwa Kiarabu, na buluu imetoka kwa Waingereza. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Kimarekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha kitabu juu ya majina ya rangi katika lugha za ulimwengu, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 walizozipima kwa wasemaji wenyewe. Walidai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa na nyeupe, nyeusi na nyekundu, na kwamba kijani, manjano na buluu hufuata baadaye. Nadharia yao imepingwa na kurekebishwa mara nyingi. Lakini nilipokaa katika nyumba ile, nikitazama mikanda yake mitatu, niliona vile vivumishi vyetu vitatu vimepakwa ukutani.

Wala si huko peke yake. Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwenye majabali ya Moru, kuna michoro ya ngao iliyoachwa na vijana wa Kimasai waliochunga huko kabla ya kuhamishwa mwaka 1959. Rangi zake kuu ni nyekundu, nyeupe na nyeusi. Mmoja alipaka jabali na mwingine alipaka sebule, na wote walitumia zile rangi ambazo nchi iliwapa bila ya kuuza.

Chokaa ilivyopanda bara

Sasa tutazame weupe wa aina nyingine, ule wa kwetu. Chokaa ya pwani ni jiwe la matumbawe lililochomwa juu ya magogo, likazimwa kwa maji na kuachwa lilale. Ikipakwa ukutani huwa kama maji ya mchele, huioni. Inapokauka na kufyonza hewa ya ukaa, hurudi kuwa jiwe, na weupe wake hujitokeza siku baada ya siku. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevunyevu huingia na kutoka. Kwa sababu hiyo Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, huumia pale ukuta wake wa mawe unapopigwa saruji na rangi ya plastiki juu yake. Maji hufungiwa ndani, na plasta hutoka vipande vipande. Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Vijiji vyetu vya Makunduchi, Tumbatu na Wete navyo vilijengwa kwa fito na udongo, na bibi zetu nao walisiliba kwa mikono. Tumeukumbuka weupe wa mjini tukausahau udongo wa shamba.

Huko Mara weupe wa chokaa ulikuja pamoja na dola na dini. Mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1886, kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria, uliwakata Wakurya sehemu mbili bila ya wao kuulizwa. Baada ya mpaka zikaja boma za serikali, kisha misheni. Wamenoniti walianza Shirati mwaka 1934, mahali palipokuwa wakati huo katika eneo la Tarime na ambapo leo pamo katika wilaya ya Rorya, iliyomegwa mwaka 2007. Mapadri wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946. Majengo ya aina hiyo, ya dini na ya serikali, yaliingia na umbo la pembe nne, madirisha makubwa na kuta nyeupe, na weupe ukawa ishara ya usafi, ya kusoma na ya cheo.

Jambo la kushangaza ni kwamba shule na zahanati zetu, hata hizi zilizojengwa baada ya Uhuru, mara nyingi zina mkanda wa rangi nzito ya mafuta chini na rangi nyepesi juu. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua mkanda ule, kwani ameuegemea. Sababu yake ni ileile niliyoambiwa na mama wa Tarime: chini ndiko kunakochafuka. Wahandisi waliuandika kwenye michoro yao, naye aliupaka kwa majivu na udongo wa mbuga. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwenziwe. Nadai tu kwamba waliokuwa na shida moja walipata jawabu moja, na wa kwanza akaitwa mtaalamu, wa pili akaitwa mshamba.

Udongo ulaya

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilipita mkoani Mara. Watu walitakiwa waache maboma yaliyotawanyika, wahamie kwenye vijiji vilivyopangwa kwa safu. Mengi yamekwisha andikwa juu ya mashamba na mifugo iliyoathirika. Kuta hazikuandikwa sana. Nyumba ya nyasi na fito mtu huweza kuivunja akabeba miti; ukuta wa udongo haubebeki. Mama aliyehamishwa aliuacha ukuta na, pengine, machimbo yake pia. Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007, ameonyesha jinsi wazee wa jamii za magharibi ya Serengeti, Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na wengineo, walivyoihifadhi historia yao katika majina ya mahali, na jinsi kuondolewa katika mahali hapo kulivyoitikisa kumbukumbu yenyewe. Hifadhi ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, iliwafungia njia nyingi. Nadhani machimbo ya udongo nayo ni majina ya namna hiyo. Yalijulikana kwa waliokuwa na haja nayo, na haja ikiondoka jina halina wa kulitaja.

Mwana mkubwa wa mkoa ule aliliona jambo hili mapema. Mwalimu Nyerere wa Butiama, ambaye sisi wafasiri tunamheshimu pia kwa kumfundisha Shakespeare Kiswahili, aliandika mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, maneno makali juu ya watu wanaokataa kujenga nyumba bora kwa udongo na matofali ya kuchoma, wakikaa miaka wakingoja bati na saruji. Aliuona ulevi huo kuwa ni kupooza kwa fikra, na alikumbusha kwamba saruji watu wameiita udongo ulaya. Jina hilo linatosha kuwa somo. Udongo ni uleule, ila mmoja una pasi ya kusafiria.

Lakini watu hawakumfuata Mwalimu katika hilo, na sitawalaumu. Saruji haipasuki kila masika. Mwanamke anayelima, anayeteka maji na kulea hana wiki nzima ya kusiliba kila mwaka. Biashara ilipofunguliwa tangu katikati ya miaka ya 1980, maduka ya Tarime na Mugumu yakajaa, na mpaka wa Sirari ukawa mlango wa bidhaa za kila aina. Kopo la rangi likafika. Likaleta kijani, buluu na waridi ambazo ardhi ile haikuwa nazo, na furaha yake ilikuwa ya haki. Nani asingependa ukuta wa buluu baada ya karne za wekundu?

Pamoja na furaha yakaja mambo mawili. La kwanza ni sumu. Rangi za mafuta zenye manjano kali, nyekundu na machungwa zilitiwa, na nyingine bado hutiwa, madini ya risasi, nayo huudhuru ubongo wa mtoto anayelamba vumbi lake. Umoja wa Mataifa unapendekeza kiwango kisichozidi sehemu 90 kwa milioni. Basi anayenunua aulize, na chumba cha mtoto kisipakwe kopo lisilo na maelezo. Kwa upande wake, ukuta wa udongo nao uliwahi kupewa amri ya afya: katika miaka ya 2010 mkoa wa Mara uliingizwa katika upuliziaji wa dawa-ukoko dhidi ya mbu wa malaria, na wenye nyumba wakaombwa wasikandike wala kupaka upya baada ya dawa, kwani tabaka jipya huifunika. Akina mama wakajikuta wakichagua kati ya ukuta mzuri na mtoto asiye na homa. Walichagua mtoto.

La pili ni lile la haki ya kuchagua. Udongo ulikuwa wa mwanamke kwa sababu ulikuwa bure na ulikuwa kazi ya mkono wake. Kopo hununuliwa kwa fedha, na fundi rangi aghalabu ni mwanamume anayelipwa na mwanamume. Hapana mtu aliyekaa kikao akaamua kumnyang'anya mwanamke ukuta. Ulimtoka kwa bei. Siku ile sebuleni, mkwe wangu alimwuliza fundi, akamwuliza mkewe, akaniuliza mimi mgeni niliyetoka ng'ambo ya bahari. Mama yake hakuulizwa, na sidhani kwamba ilikuwa kwa dharau. Kijana hakukumbuka tu kwamba kuna la kuuliza.

Mabaka manne na la tano

Nilirudi nikamweleza niliyoyaona. Akanyamaza, kisha akaenda mwenyewe kumwita mamaye. Yule mama hakuchagua baka lolote. Alisema tungoje. Akatufundisha, kwa maneno machache, utaratibu ambao fundi mzuri popote ulimwenguni angeukubali: baka lisiwe dogo kama kadi ya dukani, kwani rangi ikienea huzidi nguvu, lipakwe mara mbili, liwe moja kwenye ukuta unaotazama dirisha na jingine kwenye ukuta wenye dirisha, nalo litazamwe asubuhi, adhuhuri, magharibi na usiku kwa taa.

Tulingoja siku tatu. Kijani cha maji kilipendeza asubuhi, na usiku kikawafanya watu wote waonekane wagonjwa. Manjano hafifu yaliungana na sakafu ya saruji nyekundu, yakawa machungwa. Nyeupe yangu iling'aa adhuhuri hata ikaumiza macho, kwani jua la nyanda za juu za Tarime si jua letu linalochujwa na mikoko na umande wa bahari. Na siku ya tatu, kabla hata nyumba haijahamiwa, kimo cha goti kilikuwa na alama za vidole vyekundu vya watoto wa jirani. Hapo nikafahamu kicheko. Rangi ya maziwa ndiyo iliyovumilia saa zote.

Baka la tano alilipaka yeye, kwa udongo wake, pembeni. Kijana akalipenda, akamwomba fundi achanganye rangi ya kiwandani ilingane nalo. Fundi alijitahidi kweli. Mchana yale mabaka mawili yalikuwa mapacha. Taa ilipowashwa usiku yakaachana: la kiwandani likaelekea kwenye uwaridi, la udongo likabaki lilivyo. Wenye elimu ya nuru wanaeleza kwamba vitu viwili huweza kulingana chini ya nuru moja na kutofautiana chini ya nyingine, kwa kuwa kila kimoja hurudisha nuru kwa njia yake. Mimi, kwa kazi yangu ya kufasiri, nilikuwa nalijua jambo hilo kwa jina jingine: maneno mawili ya lugha mbili hulingana katika sentensi moja, ukiyahamishia katika nyingine yanaachana.

Mwishowe ilikubaliwa hivi. Sebule ikapakwa rangi ya maziwa, na chini mkanda wa rangi ya mafuta, kahawia iliyokolea, hadi kimo cha goti. Chumba cha wageni, ambacho mama yule ndiye atakayelala akija, fundi aliambiwa aache plasta yake na ukavu wake, asiipige msasa wala kuipaka kitu, ili udongo upate pa kushika. Yule mama akakipaka kwa siku mbili, binti yangu akimpokezea ndoo. Siku ya tatu walikwenda pamoja kwenye machimbo, mwendo wa zaidi ya saa moja, binti yangu aonyeshwe njia.

Mimi sikwenda, miguu haikuniruhusu. Niliulizia tu mahali penyewe panaitwaje, na binti yangu alinitajia jina aliporudi. Silitaji hapa, maana si langu. Lakini nilimwambia aliandike nyuma ya mlango wa chumba kile, kwa mkaa, kabla rangi haijakauka vizuri, na aliniambia kwamba amekwisha kuliandika.